Nusu marathoni ya Kilimanjaro kwa anayeanza: wiki 16 kutoka kutembea hadi kilomita 21

Kila Oktoba ikiingia, maswali ni yaleyale. Nianze na kilomita ngapi? Raba gani? Mbona dakika ya tatu tu pumzi imekata? Nile nini asubuhi? Na huo mlima wa Mweka kwenye njia ya mbio, ni kweli unatisha kama wanavyosema? Majibu yapo hapa, kwa mpangilio wa kuyatekeleza. Yanamlenga mtu wa Dar es Salaam au mji mwingine wa joto, ambaye mara ya mwisho kukimbia alikuwa anafukuzia daladala, na sasa anataka kumaliza nusu marathoni ya Moshi (kilomita 21.1) akiwa mzima.

Kama utasoma jambo moja tu, soma hatua ya 2. Wengi wanaoacha mazoezi wiki ya tatu si wavivu, wanakimbia kasi isiyo yao.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

Afya kwanza. Mwenye presha, kisukari, pumu au tatizo la moyo, na aliyevuka miaka 40 bila mazoezi kwa muda mrefu, apite kwa daktari. Aliyewahi kusikia maumivu ya kifua au kuanguka akiwa anafanya kazi nzito asianze kabisa mpaka apimwe.

Raba za kukimbilia. Za mpira wa kikapu au za kutembelea mjini hazifai. Zijaribu jioni, miguu ikiwa imevimba kidogo kwa shughuli za siku, na ukiwa umevaa soksi utakazokimbilia. Mbele ya kidole kirefu pabaki nafasi ya upana wa dole gumba, maana kwenye mteremko wa kutoka Mweka vidole vinasukumwa mbele, na raba iliyokukaa sawasawa dukani itakung'oa kucha. Za mtumba kutoka Karume au Kariakoo si vibaya, ila zikague. Bonyeza sponji ya pembeni kwa kidole: ikiwa ngumu kama ubao, imekufa, hata kama juu inang'aa. Ziweke mezani uzitazame kwa nyuma: iliyolalia upande mmoja imebeba mwendo wa mtu mwingine na italipeleka goti lako hukohuko. Raba mpya hudumu kilomita 500 hadi 800. Ya mtumba hujui imeshakula ngapi.

Soksi zisizo za pamba, jozi mbili. Pamba hunywa jasho na kukutoa malengelenge. Wanawake: sidiria ya mazoezi inayobana vizuri, hiyo ni muhimu sawa na raba. Mafuta ya mgando ya kupaka kwapani, mapajani na kwenye chuchu. Saa yoyote yenye sekunde. Daftari dogo. Kikoti cha kuakisi mwanga, kwa sababu utakimbia gizani.

Saa ya bei kubwa, mikanda ya kupima mapigo ya moyo na unga wa protini viache kwanza. Hela hiyo weka kwenye raba.

Hatua kwa hatua

1. Jisajili, kisha hesabu wiki kurudi nyuma

Kilimanjaro Marathon hukimbiwa Jumapili ya mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi. Thibitisha tarehe, kisha hesabu wiki 16 kurudi nyuma, na utaangukia mwanzoni mwa Novemba au karibu na hapo. Jisajili mapema, nafasi huisha, na vyumba vya Moshi huisha kabla yake. Tafuta pa kulala siku hiyohiyo unayojisajili. Ukiwa na shangazi Moshi, mpigie leo.

Kama zimebaki wiki nane tu na hujaanza, kimbia mbio fupi za kilomita 5 za siku hiyohiyo mwaka huu. Programu ya wiki 16 haibanwi ikawa ya nane.

2. Ijue kasi yako ya kuongea

Tembea haraka dakika kumi, kisha anza kukimbia taratibu. Baada ya dakika mbili sema kwa sauti, bila kuvuta pumzi katikati: "Leo jioni nitapika ugali na mlenda, kesho nitapika wali na maharage." Ukiimaliza, kasi hiyo ni yako. Ukikatikia kwenye mlenda, punguza. Ukiweza kuimba ubeti mzima, ongeza kidogo.

Kwa wengi wanaoanza, kasi hiyo ni dakika 7:30 hadi 9 kwa kilomita, na kwenye joto la Dar inaweza kuwa polepole zaidi. Utapitwa na mzee wa miaka 65 pale Coco Beach. Mwache apite. Angalau kilomita nane katika kila kumi za programu hii ni za kasi ya kuongea. Moyo, mapafu na mishipa midogo ya damu vinajengeka kwa muda mrefu wa kazi nyepesi, na mifupa na kano za miguu huchelewa kuzoea kuliko mapafu. Ndiyo maana mtu hujisikia ana pumzi tele wiki ya tano, akafyatuka, na wiki ya saba anachechemea.

Kosa la kawaida: kukimbia na kundi la jogging lililokuzidi. Vikundi vya mtaani ni vizuri sana kwa moyo wa kuamka, ila nyimbo na filimbi zinakuvuta kwenye kasi ya wenzako. Kaa nyuma kabisa, na usione haya kutembea.

3. Wiki ya 1 hadi ya 4: kimbia na utembee

Siku tatu kwa wiki, kwa mfano Jumanne, Alhamisi na Jumapili, zisifuatane. Kila mara anza kwa kutembea dakika 5 hadi 10, na maliza hivyohivyo.

Wiki ya 1: kimbia dakika 2, tembea 2, rudia mara 8.
Wiki ya 2: kimbia 3, tembea 2, mara 7.
Wiki ya 3: kimbia 5, tembea 2, mara 5.
Wiki ya 4: kimbia 8, tembea 2, mara 4.

Tembea hata kama hujachoka. Ukisubiri mpaka uchoke umeshachelewa. Wiki ikikushinda, irudie, programu ina nafasi ya kurudia wiki moja bila kuharibika.

Kuhusu saa: saa 11 na nusu alfajiri ndiyo bora. Kuanzia Desemba hadi Machi, saa 2 asubuhi Dar tayari ni tanuri, na jioni lami bado inatoa joto. Kimbia upande wa kulia wa barabara, ukiyakabili magari, na usiamini kwamba bodaboda watafuata upande wao. Gizani nenda na mwenzako, hasa dada zetu. Simu iwe na chaji, sikio moja liwe wazi, na nyumbani wajue njia unayopita.

Mchanga wa ufukweni unavutia, ila una mteremko kuelekea majini: mguu mmoja unakuwa juu, mwingine chini, na nyonga inalalamika. Kama lazima upite ufukweni, nenda maji yanapokupwa, kwenye mchanga mgumu, na rudi kwa njia ileile ili miguu ibadilishane zamu.

4. Wiki ya 5 hadi ya 8: siku nne, na Jumapili ndefu

Jumanne na Alhamisi: dakika 30 hadi 35 mfululizo, kasi ya kuongea. Ijumaa: dakika 25, nyepesi zaidi. Jumapili ndiyo siku ya mbio ndefu: wiki ya 5 kilomita 6, ya 6 kilomita 7, ya 7 kilomita 8, ya 8 rudi kwenye 6. Ile wiki ya nne ya kupunguza si zawadi, ni sehemu ya kazi. Mwili hujijenga ukipumzika, na anayeiruka kwa kujisikia vizuri ndiye anayeandika Januari kuuliza kuhusu maumivu ya miundi, mbele ya mguu chini ya goti.

Kuanzia hapa ongeza mazoezi ya nguvu mara mbili kwa wiki, dakika 15, nyumbani, pekupeku:

- kuchuchumaa na kuinuka, mara 12, raundi 3;
- kusimama kwenye ukingo wa ngazi, kuinuka kwa vidole na kushusha visigino polepole chini ya ukingo, mara 15, raundi 3;
- kupanda stuli imara kwa mguu mmoja, mara 10 kila mguu, raundi 2;
- kulala chali, magoti yamekunjwa, kuinua nyonga, mara 15, raundi 2;
- kujishikilia kwa viwiko na vidole vya miguu, mwili umenyooka, sekunde 30, raundi 3.

Zoezi la visigino ndilo watu huliruka kwa sababu linachosha na halionekani. Ndilo linalolinda vigimbi mlimani.

5. Siku ambazo mwili hautaki

Hamu haiji kila asubuhi, hata kwa wanaoshinda medali. Panga mambo ili usiihitaji.

Usiku panga nguo kwa mpangilio wa kuvaa: soksi juu ya raba, bukta, tisheti, ufunguo. Weka simu ya kengele mbali na kitanda, karibu na nguo hizo. Alfajiri usijadiliane na nafsi, vaa kwanza, jadili ukiwa umeshafunga kamba. Kisha kanuni ya dakika kumi: toka, nenda dakika kumi tu. Baada ya hapo una ruhusa ya kurudi nyumbani bila lawama. Mara nyingi hutarudi, na ukirudi, basi kweli mwili ulikuwa umechoka na uamuzi ni sahihi.

Mwenzako mmoja unayemwogopa kumwangusha anashinda kundi la watu 80 ambao hawatajua kama umekosa. Kubalianeni mahali na saa, si "tutawasiliana". Anayechelewa zaidi ya dakika tano anaachwa.

Kwenye daftari andika mistari miwili tu: umefanya nini na umejisikiaje. Usijilinganishe na takwimu za watu mitandaoni, hakuna anayeweka siku aliyotembea. Na ukikosa siku, imepita. Usiibebe kwenda kesho ukafanya mbili kwa pamoja. Ila usikose mara mbili mfululizo, ya tatu ndiyo huwa inageuka mwezi.

Jambo ambalo halisemwi: waambie wa nyumbani. Mbio ndefu za Jumapili zitagusa ibada, watoto na chai ya familia. Mume au mke aliyeshirikishwa Novemba hatanuna Januari.

6. Wiki ya 9 hadi ya 12: tafuta mlima

Hapa ndipo mwongozo wa mbio za tambarare unamponza mtu. Nusu ya kwanza ya kilomita 21 za Moshi ni kupanda kuelekea Mweka, mlima ukizidi taratibu, kisha unageuza na kushuka kurudi mjini. Mwinuko wa Moshi wenyewe, kati ya mita 800 na 900 hivi juu ya bahari, hautakusumbua pumzi. Utakaokusumbua ni mlima usioisha.

Dar tafuta miinuko ya Chuo Kikuu pale Mlimani au upande wa Pugu na Kisarawe. Daraja la Tanzanite ni zuri kwa upepo, si kwa mlima. Aliyeko mbali kabisa na miinuko atumie mashine ya kukimbilia ya jimu, aipandishe asilimia 4 hadi 6.

Alhamisi sasa ni siku ya mlima. Tafuta mwinuko unaochukua sekunde 60 hadi 90 kuupanda. Pasha mwili dakika 15. Panda kwa nguvu unayoweza kuirudia, shuka ukitembea. Wiki ya 9 mara 4, ya 10 mara 5, ya 11 mara 6, ya 12 mara 4. Hatua ziwe fupi, mikono ifanye kazi, macho mita kumi mbele. Ukitazama vidole vya miguu unajikunja kiunoni na kulibana tumbo.

Na jifunze kushuka, jambo ambalo karibu kila mtu hulisahau. Kwenye mteremko misuli ya mapaja inafanya kazi ya breki huku ikivutwa, na hapo ndipo nyuzi zake huchanika kidogokidogo. Mara mbili za mwisho za kila Alhamisi shuka ukikimbia: hatua fupi za harakaharaka, magoti yamelegea, mguu utue chini ya mwili na si mbele yake. Ukisikia visigino vinagonga lami kwa kishindo, unafunga breki.

Jumapili: kilomita 9, 10, 12, kisha 9. Ile ya 12 iwe kwenye njia yenye miinuko.

7. Wiki ya 13 na ya 14: kilele, na majaribio ya tumbo

Jumapili mbili zilizobaki za maana ni kilomita 14 na kilomita 17. Huhitaji kukimbia 21 kabla ya siku yenyewe, zile nne za mwisho utazimaliza kwa umati na mteremko. Alhamisi rudia mlima mara 5, na 4 wiki inayofuata.

Jumapili hizi mbili ni mazoezi ya tumbo pia. Kila kitu cha siku ya mbio kijaribiwe sasa: nguo, soksi, chakula, saa ya kuamka, hata mafuta unapoyapaka.

Kula saa mbili kabla: ndizi mbivu mbili, au mkate vipande viwili na jamu, au kiazi kitamu cha kuchemsha, na kikombe cha chai ukizoea. Maziwa, maharage, mihogo ya kukaanga, supu na chapati subiri mpaka umalize. Mbio zikizidi saa moja na nusu, beba cha kula njiani: tende tatu nne kwenye mfuko mdogo, kila dakika 30 hadi 40 moja au mbili na funda za maji. Tende hazigharimu kama jeli za wakimbiaji za dukani, na tumbo linazijua.

Maji: kunywa kwa kiu, funda chache kila baada ya kilomita mbili tatu. Jipime uzito kabla na baada ya mbio ndefu. Ukipungua kilo moja hadi moja na nusu ni kawaida. Ukiongezeka, umekunywa kupita kiasi, na hilo ni la hatari kuliko watu wanavyodhani: maji matupu mengi mno hupunguza chumvi katika damu, mtu huumwa kichwa, hutapika, huchanganyikiwa. Baada ya mbio za jasho jingi tumia ORS (unga wa kurudisha maji na chumvi mwilini), au ya kujitengenezea: lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa vya kusawazisha. Chumvi usizidishe kwa kukisia.

8. Wiki ya 15 na ya 16: punguza

Jumapili ya wiki ya 15: kilomita 10 au 11, basi. Wiki ya mbio: Jumanne dakika 30, Alhamisi dakika 20, na kwisha. Mazoezi ya nguvu acha siku kumi kabla. Miguu itakuwa mizito, kigoti kitauma kidogo, utajiona umesahau kukimbia. Ni kawaida. Hakuna zoezi la wiki ya mwisho litakalokuongezea nguvu Jumapili, ila yapo mengi ya kukupunguzia.

Kata kucha Jumatano, si Jumamosi.

9. Safari ya Moshi

Kwa basi kutoka Dar safiri Ijumaa au kabla yake. Ukifika Jumamosi jioni baada ya kukaa siku nzima, utakimbia na miguu iliyovimba. Basi likisimama watu wakachimbe dawa, shuka hata kama huna haja, tembea, inuka kwa vidole mara ishirini. Raba za mbio zikae kwenye begi la mkononi, usizitupe kwenye buti la basi.

Chukua namba yako ya kifuani mapema. Kwa kawaida vituo hufunguliwa Dar es Salaam, Arusha na Moshi siku za kabla ya mbio, usitegemee asubuhi ya mbio. Nyuma ya namba kuna sehemu ya jina la mtu wa kupigiwa na hali yako ya kiafya: ijaze. Usikimbie na namba ya mtu mwingine, ukianguka watatibu mtu asiye wewe.

Jumamosi kula wali, ugali au ndizi za kuchemsha mchana ushibe, jioni kidogo na mapema. Mtori mwembamba ni sawa. Nyama choma na mbege vinakusubiri Jumapili, havikimbii.

10. Jumapili yenyewe

Amka saa tatu nzima kabla ya mbio kuanza. Kula ulichokijaribu. Nenda uwanja wa Ushirika mapema na tishu zako mfukoni, foleni ya choo huwa ndefu na karatasi huisha. Paka mafuta. Funga kamba fundo mara mbili. Simama nyuma ya watu, si katikati.

Kilomita mbili za kwanza utapitwa na mamia. Wengi wao utawakuta wanatembea kabla ya kugeuza. Mlimani sahau saa, tumia sentensi ya mlenda. Ukikatika, tembea dakika moja kwa kila tano za kukimbia, tena anza mpango huo tangu mwanzo wa mlima, usiuache mpaka ulazimike. Kwa anayelenga saa 2:30, kupanda kwa saa 1:20 na kushuka kwa 1:10 ni mgawanyo mzuri. Kwenye tambarare muda huohuo ungekuwa kama dakika 7:06 kwa kila kilomita, lakini hapa kila kilomita ina kasi yake, na anayeng'ang'ania namba moja mlimani anaungua.

Vituo vya maji: pokea, sogea pembeni, tembea hatua kumi ukinywa, mengine mwagia kichwani. Usisimame katikati ya barabara.

Ukigeuza, shusha pumzi kilomita nzima kabla ya kuachia mteremko. Bakiza kitu. Mtanzania Alphonce Simbu alitwaa ubingwa wa dunia wa marathoni Tokyo mwaka 2025 kwa hatua za mwisho kabisa, yeye na Mjerumani Amanal Petros wakiandikiwa muda mmoja, saa 2:09:48. Wewe hugombei medali ya dhahabu, lakini kilomita ya 19 hadi ya 21 ndizo jua linapokuwa limepanda, na aliyebakiza huwapita waliomaliza akiba Mweka.

Mfungo ukiangukia wiki za mwisho

Mwaka 2026 na 2027 Ramadhani imo Februari, kwa hiyo hili si swali la pembeni. Anayefunga aendeshe mazoezi mafupi ama nusu saa kabla ya futari, polepole, ama saa mbili baada ya kufuturu. Mbio ndefu ziwe usiku au kabla ya daku, na maji yagawanywe kuanzia futari hadi daku badala ya kuyashindilia mara moja. Kupanda Mweka ukiwa na swaumu, kisha kukaa bila maji mpaka magharibi, hakushauriwi. Chukua kilomita 5, au peleka programu hii yote kwenye mbio nyingine baada ya Idi.

Mambo yakiharibika

*Kichomi ubavuni.* Punguza kasi, bonyeza mahali kwa vidole, toa pumzi kwa nguvu mguu wa upande mwingine unapotua. Kikijirudia kila mara, umekula karibu mno na mbio au unahema juujuu.

*Maumivu ya muundi, mbele ya mguu.* Umeongeza haraka mno, au raba zimekufa. Pumzika siku tatu hadi tano, barafu dakika 15, rudi kwenye wiki iliyopita. Yakiwa kwenye nukta moja unayoweza kuionyesha kwa kidole, na yanauma hata usiku, acha kukimbia ukapigwe picha: huenda mfupa una ufa.

*Goti mbele, hasa ukishuka ngazi.* Mara nyingi nyonga ni dhaifu. Rudi kwenye stuli na kuinua nyonga, fupisha hatua, acha miteremko wiki moja.

*Kisigino kinauma hatua za kwanza asubuhi.* Viringisha chupa ya maji iliyogandishwa chini ya unyayo dakika kumi, fanya zoezi la ngazi kila siku, usitembee pekupeku kwenye vigae.

*Lengelenge.* Dogo liache. Kubwa lenye maji litoboe pembeni kwa sindano iliyochemshwa, kamua, acha ngozi ya juu ilipo, funika.

*Kigimbi kimekaza katikati ya mbio.* Simama, nyoosha mguu, vuta vidole kuelekea kwako, hesabu thelathini, anza kwa kutembea. Sababu ya kawaida ni kasi uliyoizidi, chumvi haihusiki kila mara.

*Tumbo limevurugika.* Angalia maziwa, maharage na jeli ulizopewa na rafiki kilomita ya tano. Usijaribu kitu kipya siku ya mbio.

*Dawa za maumivu.* Usimeze diklofenaki wala ibuprofeni kabla ya mbio ili "kujikinga". Joto, jasho na dawa hizo kwa pamoja huziumiza figo, na kuna hatari ya kukimbilia jeraha usilolisikia.

*Mafua au malaria.* Mafua ya puani tu: nenda polepole, nusu ya muda. Homa, kikohozi cha kifuani au mwili kuuma: kitandani. Baada ya malaria maliza dozi, kisha pumzika wiki nzima hata kama unajisikia vizuri, na uanze kwa kutembea.

*Umekosa wiki moja.* Endelea pale kalenda ilipo, ila Jumapili hiyo punguza kilomita mbili au tatu. Wiki mbili: rudi nyuma wiki mbili. Wiki tatu au zaidi baada ya Krismasi: waandikie waandaaji uulize kama unaweza kuhamia kilomita 5.

*Kizunguzungu, baridi ghafla juani, jasho limekata, unasahau upo wapi.* Hiyo ni joto kupita kiasi, si uchovu. Simama, kaa kivulini, ita watu wa huduma ya kwanza, mwagiwe maji mwili mzima. Usimalizie hata kama imebaki kilomita moja.

*Siku ya pili huwezi kushuka ngazi.* Ni mapaja ya mteremko. Huchukua siku tatu au nne. Tembea kidogo kila siku, kula vizuri, usikandwe kwa nguvu siku mbili za kwanza, na usikimbie mpaka utakapoweza kuchuchumaa bila kushika ukuta.